Uyoga unaoleta maruweruwe: maswali ninayoulizwa kila siku sokoni

Nauza uyoga Tanga mjini, ule wa mamama, ninaouotesha mwenyewe bandani kwangu Pongwe. Kabla ya hapo nilikuwa maabara ya shule kwa miaka tisa, naosha chupa na kuwaonesha watoto seli za kitunguu kwenye hadubini. Tangu video za "uyoga wa maajabu" zianze kuzunguka kwenye simu, wateja wangu wengi hawaanzi na bei. Wanaanza na haya. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja huku uyoga unaninyaukia juani, kwa hiyo nimeyaandika.

Dada Uyoga, huu wako unalewesha?

Haumleweshi mtu. Ukila beseni zima utavimbiwa, basi. Mamama hauna hata chembe ya kemikali tunazozizungumzia hapa. Uyoga wa kichuguu nao hauna, na uyoga wa mkonge hauna. Huo wa mkonge, kwa mgeni asiyeujua, ni ule unaojiotea kwenye malundo ya makapi ya mkonge. Asubuhi umesimama kama mwavuli, jioni umeyeyuka na kuwa uji mweusi kama wino. Huo ndio Mtanga halisi, waja leo waondoka leo. Uchume mapema na uupike siku hiyohiyo.

Kumbe ni uyoga gani unaoleta maruweruwe?

Watu wanadhani ni mmoja. Ni jamii tofauti kabisa, zenye kemikali tofauti, na kila moja inagusa ubongo kwa njia yake. Nitazitenganisha, maana kuzichanganya ndiko kunakozaa nusu ya upuuzi ulioko mitandaoni.

Jamii ya kwanza ni yenye kemikali ziitwazo silosibini na silosini. Iko kwenye aina kama 200 za uyoga, nyingi zikiwa za jenasi inayoitwa Psilocybe, nyingine za Panaeolus na Gymnopilus. Usitegemee kitu cha kupendeza macho. Vingi ni viuyoga vidogo vya kahawia, vya kupita bila kuviona. Uyoga huu hutengeneza silosibini kutoka kwenye triptofani, kiungo cha protini ambacho hata wewe unakipata kwenye yai na samaki. Mwaka 2017 watafiti wa Jena, Ujerumani, walionesha kwamba vimeng'enya vinne tu vinatosha kuifanya kazi hiyo.

Dunia ya nje iliijua habari hii kupitia Meksiko. Katika milima ya Oaxaca, kwenye mji wa Huautla de Jiménez, Wamazateki walikuwa na ibada za usiku ambamo mganga anakula uyoga ili kutafuta chanzo cha maradhi ya mgonjwa. Mwaka 1955 ofisa mmoja wa benki wa Marekani, Gordon Wasson, aliruhusiwa kukaa kwenye ibada ya mganga María Sabina. Mwaka 1957 akaandika habari zake kwenye gazeti la Life. Mtaalamu wa uyoga wa Ufaransa, Roger Heim, akaotesha sampuli, na zikapelekwa Uswisi kwa mkemia Albert Hofmann. Hofmann aliwajaribia wanyama, wanyama hawakumwambia kitu, akaamua kuula yeye mwenyewe. Mwaka 1958 alikuwa ameshazitenga silosibini na silosini na kuzipa majina.

Sehemu ambayo video hazisimulii ni yaliyompata María Sabina. Wageni walimiminika kijijini kutafuta starehe, polisi wakafuata nyuma yao, na nyumba yake ikachomwa moto. Baadaye alijuta kumkaribisha yule mgeni wa kwanza. Kila nikisikia mtu anasema "dawa ya asili ya Wahindi Wekundu" namkumbuka bibi yule.

Jamii ya pili ni ya uyoga mwekundu wenye madoa meupe, na ya tatu ni kuvu ya kwenye nafaka. Zina maswali yake huko chini.

Nimesikia uyoga wa maajabu ukikatwa unageuka bluu. Ni kweli?

Kweli, silosini ikikutana na hewa hubadilika na kuacha rangi ya bluu, kama tufaa lililomenywa linavyogeuka kahawia. Ila hicho si kipimo. Uko uyoga mwingine unaogeuka bluu ambao hauna silosini hata kidogo, na uko wenye sumu ya kuua ambao haubadiliki rangi. Mtu aliyekwambia "ukiona bluu kula" hakutakii mema.

Kichwani kunatokea nini hasa?

Silosibini yenyewe haifanyi mengi. Ikifika tumboni na kwenye ini hukatwa kipande cha fosfeti na kubaki silosini, na silosini ndiyo inayopanda kichwani. Umbo lake linafanana sana na serotonini, ile kemikali ambayo chembe za ubongo hupelekeana ujumbe kwa kutumia. Fikiria ufunguo wa jirani unaoingia kwenye kitasa cha mlango wako. Kitasa chenyewe, yaani kipokezi, wataalamu wanakiita 5-HT2A, na kimejaa kwenye maeneo ya ubongo yanayopokea na kufasiri yale tunayoyaona na kuyasikia.

Mlango ukishafunguliwa na asiyehusika, tafsiri inavurugika. Maua ya kanga yanaanza kupumua. Dakika tano zinakuwa saa nzima. Sauti inakuwa na rangi. Kumbukumbu ya zamani inarudi na machozi yake. Mtu mwingine anaona uzuri, mwingine anaingiwa na hofu kwamba anakufa na hakuna wa kumtoa humo. Mwili nao haukai pembeni, mboni za macho hutanuka, moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda kidogo, na kichefuchefu ni cha kawaida.

Huanza kama nusu saa baada ya kula, na kwa kawaida huisha ndani ya saa nne hadi sita. Mwenye hofu usimwambie "saa sita tu". Kwake hizo saa hazina mwisho.

Ni kemikali au ni mashetani?

Hili naulizwa na watu wazima, tena kwa sauti ya chini. Nimekulia Muheza, ngoma za pepo nimezisikia usiku na sitamcheka mtu. Ninachoweza kusema ni hiki. Watafiti wamewapa watu dawa iitwayo ketanserini, inayokiziba kile kitasa cha 5-HT2A, kisha wakawapa silosibini. Maruweruwe hayakuja. Pepo wa kuzuiwa na kidonge mimi simjui.

Tena ukitaka kuona tofauti, mtazame aliyekula mnanaha, ule mmea wenye tunda la miiba unaoota kwenye majalala yetu. Watu wa Pwani wanaujua. Mnanaha una atropini na skopolamini, na aliyeula huongea na watu wasiokuwepo, anaokota wadudu hewani, mdomo umekauka, ngozi ya moto, na kesho hakumbuki kitu. Haamini kwamba amelewa. Aliyekula silosibini mara nyingi anajua kwamba vitu anavyoviona vimeletwa na alichokula. Hali mbili, kemikali mbili, na hospitalini hutibiwa tofauti. Kwa hiyo ukimpeleka mgonjwa useme ukweli, usimfichie daktari kwa aibu.

Na ule mwekundu wenye madoa meupe, wa kwenye vitabu vya watoto?

Jina lake la kitaalamu ni Amanita muscaria. Asili yake ni misitu ya nchi za baridi za kaskazini. Unaishi kwa kushikamana na mizizi ya miti kama mipaini, na ndiyo maana ulisafiri na miche ya mipaini kwenda sehemu nyingi za kusini mwa dunia, Afrika Kusini ikiwemo. Sasa fikiria Lushoto na mashamba yake ya mipaini kule Shume, utaona kwa nini nimeuwekea swali lake.

Huu hauna silosibini. Una asidi ya iboteni na muskimoli. Uyoga ukikaushwa, sehemu ya asidi ya iboteni hugeuka muskimoli. Muskimoli inaiga GABA, ambayo ni breki ya ubongo. Basi mtu wake hulegea, huyumba kama mlevi, misuli humchezacheza, huchanganyikiwa, halafu hulala usingizi mzito wa ndoto za ajabu. Akiamka pengine anapiga kelele, pengine amesahau. Kwa mtoto inaweza kuwa degedege na kupoteza fahamu.

Jina la "muscaria" linatokana na nzi. Wazee wa Ulaya walikuwa wakiupondea kwenye maziwa ili nzi wakinywa wazimie. Mwaka 1869 wakemia wawili wa Kijerumani walitoa humo sumu wakaiita muskarini, dunia ikaamini kwa miaka mingi kwamba ndiyo inayolewesha. Kumbe muskarini iliyomo ni kidogo mno. Kosa hilo liliwafanya madaktari wawape wagonjwa atropini, dawa nzuri kwa muskarini yenyewe, ila kwa sumu ya uyoga huu inaweza kuzidisha mchafuko wa akili.

Kuna kisa cha Siberia ambacho sipendi kukisimulia mbele ya wanaokula. Mwaka 1730 Strahlenberg, ofisa wa Sweden aliyekuwa mateka wa vita Urusi, aliandika kwamba Wakoryaki wenye uwezo walikula uyoga huu, na maskini wakangoja nje na vyombo vya mbao kukinga mkojo wao ili nao walewe. Kikemia kisa kina mantiki, maana sehemu kubwa ya muskimoli hutoka mwilini kama ilivyoingia.

La kutisha kwetu ni jingine. Watu waliokulia kwenye miombo, mfano Handeni na Kilindi, wanajua kuna Amanita wa rangi ya chungwa wanaoliwa, na ni watamu kweli. Sasa ule mwekundu ukinyeshewa, madoa meupe huoshwa na mvua. Kinachobaki ni kofia nyekundu inayoelekea chungwa. Mama aliyehamia Lushoto kutoka kwenye miombo akiukuta chini ya mpaini atasema "huu wetu". Ujuzi wa nyumbani haumfai tena, kwa sababu msitu umebadilika.

Afrika kuna uyoga wa silosibini, au ni mambo ya Meksiko tu?

Upo. Mwaka 2024 watafiti walichapisha habari za aina mbili mpya kutoka kusini mwa Afrika, Psilocybe ingeli na Psilocybe maluti. Huo wa pili unaota kwenye malisho ya ng'ombe Lesotho na sehemu za Afrika Kusini, na waganga wa Kisotho wameutumia. Habari hiyo iliwashtua wengi kwa sababu kumbukumbu za matumizi ya namna hiyo kusini mwa Sahara ni chache mno. Kuna michoro ya mapangoni ya Tassili n'Ajjer, Aljeria, ambayo baadhi ya watu wanaisoma kama watu walioshika uyoga. Mimi naona wanaona wanachotaka kuona, na wanaakiolojia wengi hawakubaliani nao.

Na kabla hujauliza: ziko aina zinazopenda kinyesi cha ng'ombe katika nchi za joto, kwa hiyo haishangazi zikiota popote penye ng'ombe na mvua. Kijana wa bodaboda alinijia baada ya masika na mfuko mweusi wa nailoni, ndani viuyoga kumi na kitu kutoka zizi la mjomba wake, vimeshapondeka vyote. "Dada, nithibitishie tu." Sikumthibitishia, wala wewe sitakuthibitishia. Kuna kiuyoga kingine cha kahawia, Galerina marginata, ambacho wachumaji wa Ulaya na Marekani wamekidhania kuwa Psilocybe, na kina sumu ileile ya uyoga unaoongoza kwa kuua duniani. Ukiniletea kilichopondeka ndani ya nailoni, hata mwenye shahada tatu atakosea.

LSD inatoka kwenye uyoga?

Si uyoga wa kofia. Inatokana na kuvu iitwayo ergoti, Claviceps purpurea, inayoshambulia nafaka, hasa rai, ndugu yake ngano. Mahali pa punje panaota kitu cheusi kama pembe ndogo. Ikisagwa pamoja na unga, mlaji hupata mojawapo ya balaa mbili: degedege na kuchanganyikiwa, au mishipa ya damu kubana mpaka vidole na miguu kuoza. Ulaya ya zamani waliita moto wa Mtakatifu Antoni. Usidhani ni hadithi za kale. Jirani zetu wa Wollo, Ethiopia, walipatwa na hili mwishoni mwa miaka ya 1970, nafaka zao zilipochanganyika na ergoti.

LSD yenyewe haimo ndani ya kuvu. Hofmann, huyohuyo wa silosibini, aliitengeneza maabara mwaka 1938 kutoka kwenye kemikali za ergoti, akaiweka kando. Mwaka 1943 akairudia, ikamwingia mwilini kwa bahati mbaya, na siku tatu baadaye akaimeza makusudi. Akarudi nyumbani kwa baiskeli huku barabara inayumba.

Nawaambia akina mama sokoni: kama ulijifungua ukavuja damu nyingi, huenda ulidungwa ergometrini. Hiyo nayo ni mtoto wa ergoti. Kuvu iliyooza miguu ya watu imeokoa wazazi wengi wodini. Muuguzi mmoja, mteja wangu wa Ijumaa, aliposikia hivyo aliweka kikapu chini akacheka mpaka akakaa.

Sumukuvu ya mahindi na karanga inaleta maruweruwe?

Hapana. Sumukuvu inaharibu ini, kimyakimya. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 wakafa kwa mahindi yenye sumukuvu. Hawakuona rangi. Walivimba matumbo, macho yakageuka njano kwa ini kuharibika. Majina yanachanganya kwa sababu zote ni kuvu, ila hiyo ni habari nyingine na ni kubwa kuliko hii.

Ukiupika vizuri si sumu inakwisha?

Inategemea sumu, na hapo ndipo watu wanapokufa. Silosibini inastahimili moto wa jikoni kwa kiasi kikubwa. Ya uyoga mwekundu hupungua ukichemshwa kwa maji mengi na kuyamwaga, na kuna watu wa sehemu fulani za Japani na Urusi wanaofanya hivyo, lakini usiige. Amatoksini, sumu ya Amanita phalloides, ule unaoongoza kwa kuua, na yule Galerina, haiondoki kwa kupika, kukausha, kuweka barafu wala kuchemsha mara tatu.

Kuna kisa cha Yunnan, China, kinachonifurahisha. Huko wana uyoga mtamu, Lanmaoa asiatica, unaouzwa sokoni waziwazi. Ukiiva vizuri ni kitoweo. Usipoiva, mlaji anaona watu wadogo, urefu wa kidole, wanapanda kuta na kucheza juu ya meza. Wenyeji wanalijua jambo hilo na wanataniana nalo. Wanakemia wameuchunguza na silosibini hawakuikuta. Kitu kingine kiko humo, bado kinatafutwa.

Bibi yangu anaweka punje za mchele au sarafu ya fedha sufuriani. Zikigeuka rangi, sumu. Je?

Shikamoo yake, lakini hapana. Na kitunguu saumu hapana, na "kuku kala hajafa" hapana, na "konokono kautafuna" hapana. Amanita phalloides haubadilishi rangi ya sarafu, na wapo waliokula wakanusurika wanasema ni mtamu.

Bibi yangu mimi alikuwa na sarafu yake ya zamani kwenye kopo la chumvi. Hakuwahi kutudhuru, na kwa miaka mingi niliamini ni sarafu. Baadaye ndipo nilipoelewa: alikuwa anachuma uyoga wa kichuguu peke yake, kwenye vichuguu vilevile vitatu, msimu kwa msimu, na anauchimba mpaka aone ule mzizi mrefu unaoteremka ndani kwa mchwa. Usipouona anautupa. Usalama wetu ulikuwa kwenye jembe lake. Sarafu ilikuwa pambo.

Wewe umewahi kudhurika?

Ndiyo, na si kwa maruweruwe. Mwaka wangu wa pili kazini, masika, kwenye kiwanja cha mpira cha shule uliota uyoga mweupe mkubwa, kofia pana kama sahani ya chai, magamba ya kahawia juu. Mzuri kuliko ninaouza leo. Nikajifanya mtaalamu, nikakaanga na nyanya. Saa mbili baadaye nilikuwa chooni, juu na chini kwa pamoja, mpaka alfajiri. Zahanati niliyopelekwa waliniandikia dawa ya malaria bila kuniuliza nimekula nini, nami sikuwaambia.

Nilipopona nilichukua kofia moja iliyosalia kiwanjani. Nikaondoa shina, nikailaza juu ya karatasi nyeupe ya daftari, upande wenye vile vipande vyembamba kama kurasa ukiangalia chini, nikaifunika na bilauri. Asubuhi nikafunua. Palikuwa na mistari ya vumbi imetoka katikati kwenda pembeni, kama spoki za baiskeli. Vumbi la kijani kibichi kilichofifia. Nikajua hapohapo: Chlorophyllum molybdites, ambao katika nchi za joto ndio unaoharisha watu kuliko mwingine. Ule wa kuliwa unaofanana nao hutoa vumbi jeupe. Karatasi ile ninayo mpaka leo, nimeigandisha kwa selotepu bandani, juu ya mlango.

Uyoga wa maruweruwe unaua?

Silosibini peke yake ni nadra sana kuua kwa sumu yake. Kinachoua ni kukosea uyoga, au kutembea ukiwa humo: mtu anaingia baharini usiku, anavuka barabara ya Segera, anaruka ghorofani. Na wapo ambao hawatakiwi kuugusa kabisa, wenye skizofrenia au ugonjwa wa hisia mbili, au wenye ndugu wa damu wenye maradhi hayo, kwa sababu unaweza kuwasha moto ambao hauzimiki baada ya saa sita. Wanaotumia dawa ya lithiamu wamepata degedege.

Sasa sikiliza saa za muuaji halisi, maana ni za hila. Aliyekula amatoksini hasikii kitu kwa saa sita hadi kumi na mbili, wakati mwingine hadi siku nzima. Kisha anatapika na kuharisha vibaya. Siku ya pili anapata nafuu, anaomba uji, ndugu wanashukuru, anarudishwa nyumbani. Siku ya tatu macho yanageuka njano na ini limekwisha. Nafuu ile ya katikati imezika watu wengi.

Mtu amekula uyoga asioujua. Tufanye nini?

Mpelekeni hospitali, hata kama bado mzima. Kwa Tanga mjini ni Bombo, kwa wa wilayani kituo kilicho karibu chenye uwezo wa kuwapa rufaa. Chukueni mabaki: uyoga mbichi uliosalia, maganda, hata matapishi. Fungeni kwenye gazeti au bahasha ya kaki, si nailoni, kwa sababu kwenye nailoni unaoza njiani. Andikeni saa aliyokula na saa dalili zilipoanza. Hizo saa mbili zitamwambia daktari mengi, dalili zikianza baada ya saa sita hali ni mbaya zaidi kuliko zikianza baada ya nusu saa.

Msimtapishe kwa vidole wala maji ya chumvi. Msimpe maziwa, mafuta au mkaa wa jikoni uliosagwa. Akiwa anaona maruweruwe, mwekeni chumba kimya chenye mwanga hafifu, ondoeni visu, akae naye mtu mmoja anayemjua na anayeongea polepole. Msimfunge kamba. Msijae chumbani kumsomea kila mtu kwa sauti yake, anayeogopa ataogopa zaidi.

Nasikia Ulaya wanautibia sonona. Kwa nini sisi tunatishwa?

Wanachochunguza ni silosibini iliyotengenezwa maabara, kipimo kinajulikana kwa miligramu, mgonjwa amechujwa, na wataalamu wamekaa naye siku nzima. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 233 wa sonona sugu. Waliopata dozi kubwa mara moja walikuwa na nafuu zaidi baada ya wiki tatu kuliko waliopata dozi ndogo mno. Baadaye nafuu ilipungua kwa baadhi yao, na kulikuwa na waliopata mawazo ya kujidhuru. Australia tangu Julai 2023 imewaruhusu madaktari wa akili wenye kibali kuitumia kwa sonona sugu. Ni habari ya matumaini na naifuatilia. Ila video hukata kipande cha "mara moja, hospitalini, na wataalamu" na kuacha kipande cha "uyoga unatibu".

Mwenye sonona hapa kwetu aende kitengo cha afya ya akili, dawa zipo. Asingoje zizi la mjomba.

Na pipi na chokoleti za uyoga zinazouzwa mtandaoni?

Mwaka 2024 Marekani zaidi ya watu 100 waliugua kwa chokoleti na pipi za namna hiyo, wengine hadi degedege. Zilipopimwa zilikutwa na muskimoli na vitu vingine. Kama huko kwenye maabara kila kona imetokea, hiyo ya kutumiwa kwa basi unaijuaje?

Sheria inasemaje?

Silosibini na silosini zimo kwenye Jedwali la Kwanza la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu vitu vinavyoathiri akili, pamoja na LSD, na Tanzania ni mwanachama. Hapa nchini tunayo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 na Mamlaka yake. Kusema "umejiotea wenyewe" mbele ya hakimu, jaribu bangi kwanza uone.

Basi wako unauzwa lini na wapi?

Jumanne na Ijumaa, Mgandini, upande wa wauza nazi, beseni la bluu lililofunikwa kitambaa chenye maji. Njoo kabla ya saa nne. Ukichelewa utakuta mabua matupu, na mimi nabishana na mtu kuhusu sarafu.